Mwaka wa 11 nafanya kazi ya kupanga mikakati kwenye wakala wa matangazo. Ulizeni, nitajibu ninachoweza

#1 Mzee wa Brifu
Wakuu, habari za majukumu.

Juzi kuna mtu aliuliza humu "hivi wanaotunga matangazo ya TV wanalipwa kwa kazi gani hasa", majibu yakawa vichekesho mwanzo mwisho. Nikaona nilete uzi wangu. Mimi ni mpanga mikakati kwenye wakala mmoja wa matangazo hapa Dar. Ofisini tunaitwa maplana. Mama yangu mpaka leo anawaambia majirani nafanya kazi "kwenye mabango". Siku nilipojaribu kumweleza alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Sasa hilo tangazo unaliandika wewe?" Hapana. "Unalichora?" Hapana. "Unaliuza?" Hapana. "Basi huwa unakwenda kufanya nini, baba?"

Leo ningemjibu hivi. Kwenye wakala kuna watu wa akaunti, hao ndio wanaoshinda na mteja, wanabeba maombi yake na hasira zake. Kuna wabunifu: waandishi, wachoraji na mkurugenzi wao. Kikao kikikaa, mteja ana wa kumsemea, na ubunifu una wa kuusemea. Asiye na wa kumsemea ni yule atakayelisikia hilo tangazo akiwa kwenye daladala, kabanwa mlangoni, anawaza kodi. Mimi nimeajiriwa kwa ajili yake, japo yeye hanijui na wala hanilipi.

Kazi yenyewe ilizaliwa London mwaka 1968, karibu kwa mpigo mmoja kwenye wakala mbili. Stephen King pale J. Walter Thompson (si yule wa vitabu vya kutisha, msianze), na Stanley Pollitt pale Boase Massimi Pollitt. Pollitt alikuwa amechoshwa na jambo ambalo mpaka leo lipo: takwimu za utafiti zimejaa ofisini, lakini watu wa akaunti wanachomoa zile tu za kumfurahisha mteja. Akataka pembeni ya kila mtu wa akaunti akae mtu anayejua utafiti, mwenye hadhi sawa naye, awe kama dhamiri yake. Marekani iliingia rasmi 1982, Jane Newman alipoipeleka kwenye wakala wa Chiat/Day. Huku kwetu imekuja kwa mlango wa mitandao mikubwa ya mawakala, ndiyo maana lugha ya kazi ni Kiingereza kitupu hata kama tunatangaza sabuni ya kufulia kwa watu wa Nachingwea.

Karibuni.

#2 Mshika Dau
Nimekaa paleee. Lete vitu mkuu.

#3 Dogo wa Nyegezi
Shikamoo mkuu. Mimi namaliza mawasiliano ya umma mwaka huu hapa Mwanza. Naomba kujua siku yako ya kazi inakuwaje, na mshahara (kama si siri).

#4 Mzee wa Brifu
Marahaba dogo.

Mshahara kwanza maana najua wengi mmefungua uzi huu kwa ajili yake. Unategemea wakala wa nani na wateja wake ni akina nani, tofauti ni kubwa kiasi kwamba nikitaja wangu nitakudanganya. Wa kwanza ulinitosha chumba Sinza, nauli na lawama za nyumbani.

Siku yenyewe. Asubuhi inaingia barua pepe: mteja anataka "kampeni itakayovuma". Kazi ya kwanza si kufikiria kampeni, ni kuuliza ugonjwa ni upi. Mteja atasema "watu hawatujui". Unakwenda mtaani unakuta wanamjua sana, hata wimbo wa tangazo lake la zamani wanauimba, ila bidhaa dukani haipo, mara ya mwisho gari la usambazaji lilipita kabla ya mfungo. Hapo tangazo litasaidia nini? Kumwambia mtu aliyeleta hela ya tangazo kwamba anahitaji Canter na dereva, hiyo nayo ni kazi, na si kila bosi wa wakala anapenda uifanye.

Ikionekana kweli tangazo linahitajika, unasoma: ripoti za mauzo, takwimu za TCRA (mamlaka ya mawasiliano), sensa, malalamiko ya wateja kwenye mitandao (haya ni dhahabu). Unazungumza na watu. Halafu unaandika brifu ya wabunifu, ukurasa mmoja: tunaongea na nani, sasa hivi anawaza nini, tunataka awaze au afanye nini, na kwa nini atuamini. Katikati yake kuna sentensi moja, jambo moja tu la kusema. Hiyo ndiyo inayonitoa jasho. Ukurasa mzima naweza kuuandika saa moja, sentensi hiyo ikanikalia wiki.

#5 Kopi Tupu
Mimi ni mwandishi wa matangazo, mwaka wa 8, na nimesubiri siku nyingi plana ajilete mwenyewe humu.

Mleta mada anaongea vizuri, ndivyo walivyo, wote wanaongea vizuri. Hali halisi ni hii: plana anakuja na slaidi 74. Ya kwanza picha ya kijana amevaa hedifoni. Ya kumi mchoro wa vitunguu. Ya 73 imeandikwa kwa herufi kubwa: "KIJANA WA LEO ANATAKA UHURU." Kijana gani hataki uhuru? Hata mfungwa anautaka. Halafu anakaa pembeni, tukishatunga tangazo anasema "halijakaa kwenye mkakati". Tangazo likishinda tuzo, jina lake lipo. Likizama, "utekelezaji ulikuwa dhaifu".

Nitajie brifu moja tu uliyowahi kuandika ambayo mwandishi asingefika hapo mwenyewe.

#6 Mzee wa Brifu
Kopi Tupu, umenishika pabaya. Slaidi 74 ni haki yako kulalamika, mimi nimewahi kupeleka 112. Sisi wenyewe tunaita kupiga deki ("deck", yaani rundo la slaidi), na ni kama deki ya sakafu kweli, ukimaliza watu wanakanyaga palepale.

Nikupe moja. Mwisho wake si mzuri, nakuonya mapema.

Miaka ya nyuma tulikuwa na mteja wa mafuta ya kula, sitamtaja. Ana chupa za lita moja, tatu, tano, na ndoo. Supamaketi zinakwenda vizuri. Uswahilini watu wananunua ya kupima: mangi (mwenye duka la mtaani) ana dumu la lita 20 na kipimo chake, unakwenda na kichupa chako. Brifu ya mteja ilikuja ikiwa imeshajijibu: wananunua ya kupima kwa sababu hawana hela, kwa hiyo tuwaonyeshe ubora na usafi wa chupa ili wajikaze. Ripoti ya utafiti waliyoilipia ilikubaliana nao. Watu waliulizwa "kwa nini hununui chupa?" wakajibu "bei". Ukimwuliza mtu swali hilo umeshika kishikwambi na umevaa kitambulisho shingoni, jibu lake ni hilo. Ni jibu la adabu, linamaliza mazungumzo.

Nikaomba siku mbili. Nikaenda kukaa Tandika, duka la jamaa mmoja wa Rombo, akanipa kreti ya soda nikalie. Siku ya kwanza hakuna kitu. Watoto wanatumwa, watu wanakopa, mangi anaandika daftari. Siku ya pili jioni, kwenye saa kumi na mbili, akaja dada anayeuza vitenge, pale mtaani wanajua hela anayo. Akatoa noti ya elfu kumi. Akaagiza mafuta ya kupima, ya elfu moja. Chenji akaifunga kwenye pindo la khanga. Mangi akamtania: "Dada si uchukue chupa tu, kila siku unanisumbua." Yule dada alishageuka anaondoka, akajibu bila kutazama nyuma: "Chupa nikiipeleka ndani wanakaangia hata maji."

Nilirudi siku mbili nyingine bila ruhusa ya ofisi. Sikuuliza tena habari za bei. Niliuliza: chupa kubwa ikiingia nyumbani kwako inakuwaje? Hapo midomo ikafunguka. Shemeji anakaanga yai moja kama anakaanga chipsi. Dada wa kazi anamimina bila kuangalia. Jirani anagonga, "niazime kidogo", na chupa anaiona pale juu ya kabati, utamwambia yamekwisha? Mafuta ya elfu moja hayana maneno. Yameisha, yameisha, kesho hela nyingine. Bibi zetu walikuwa wanafungia sukari kabatini na ufunguo wanautundika kiunoni. Hawa kabati lao ni duka la mangi.

Kwa hiyo lile dumu la lita 20 halikuwa linashinda kwa bei tu. Ukipiga hesabu ya kupima kwa kupima hadi lita itimie, mara nyingi unakuta umelipa zaidi ya chupa, na wao wanajua! Wanalipia ulinzi.

Rasimu yangu ya kwanza ya brifu ilikuwa na usafi, vitamini A (ambayo kanuni za urutubishaji za 2011 ziliwataka wazalishaji waiweke, kwa hiyo kumbe hata si sifa), bei, afya ya watoto, na hii habari ya kabati ikiwa ya tano. Mkurugenzi wa ubunifu akaisoma, akanirudishia: "Hii ni kadi ya mchango, majina yamejaa. Anayeoa ni nani?" Nilikasirika, nikaenda kula chipsi. Niliporudi ikabaki hii: *Mafuta ambayo hata yakiwa mengi, wewe ndiye unayesema yaishe lini.*

Wabunifu wakarudi na kitu ambacho mimi nisingekiota. Halikuwa tangazo, ilikuwa chupa. Lita moja, ubavuni ina mistari saba, Jumatatu mpaka Jumapili. Na tangazo la redio: mama kaingia jikoni, kimya, halafu anauliza, "Leo Jumanne. Mbona tuko Alhamisi?"

Mteja alicheka mpaka akafuta machozi. Halafu kiwandani wakasema moldi mpya ni gharama. Tukasema basi stika. Halafu meneja masoko akahamishwa nchi. Aliyekuja akataka msanii wa Bongo Fleva ashike chupa atabasamu. Ndicho kilichotoka. Bango moja lilikaa Barabara ya Mandela mpaka likapauka, msanii akabaki meno tu.

#7 Mshika Dau
Kwa hiyo wewe unalipwa kukaa kwa mangi?

#8 Mzee wa Brifu
Na soda nalipiwa.

#9 Jedwali
Nipo kwenye utafiti wa masoko, upande wa namba. Story tamu sana, ila dada mmoja wa vitenge si sampuli. Ninyi maplana mna tabia ya kukutana na mtu mmoja mwenye maneno matamu halafu mnapeleka bajeti yote nyuma yake. Kesho atakuja mwenye maneno matamu kuliko yeye.

#10 Mzee wa Brifu
Jedwali, sikubishii. Nimeshaona kampeni iliyojengwa juu ya dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa mchekeshaji tu.

Ila angalia mpangilio. Sensa ya 2022 inanipa watu 61,741,120, wanaishi wapi, wana umri gani, wanapikia nini. Ni hazina, naitumia kila wiki. Haiwezi kuniambia habari ya shemeji na yai moja kwa sababu hakuna aliyejua kwamba ni swali. Yule dada alitupa swali. Baada ya Tandika tulirudi kwa watu wa namba kama wewe, dodoso likabadilika: badala ya "kwa nini hununui chupa" likawa linauliza nani anapika, nani anamimina, nani anatuma. Majibu yakawa mengine, kwa watu walewale wa kipato kilekile. Bila ninyi nisingethubutu kuingia kwa mteja na "wanakaangia hata maji".

#11 Nai kwa Mguu
Niaje wadau. Niko Nairobi, kazi ni hiyo hiyo.

Kozi zote za mtandaoni zitakusimulia kampeni ya maziwa ya California ya 1993, vile watu wa wakala wa Goodby Silverstein waliwaambia washiriki wakae wiki nzima bila maziwa kabla ya kuhojiwa, ndiyo wakagundua mtu hukumbuka maziwa siku yamekosekana. Kisa kizuri, sina ubaya nacho. Lakini sisi tuko na chetu hapa karibu, na watu hawakifundishi vizuri.

M-Pesa ilipofanyiwa majaribio kuanzia Oktoba 2005 pamoja na Faulu, watu wa mikopo midogo, haikuwa ya kutumiana pesa. Ilikuwa ya kulipia mikopo midogo. Wateja walikuwa chini ya 500. Walipopewa hizo simu wakaanza kufanya mambo yao: huyu anamtumia mwenzake, yule anaweka pesa asubuhi atoe akifika safari yake ili asiibiwe njiani. Sasa wakati wa kuzindua, Machi 2007, kulikuwa na mambo mengi ya kutangaza. Wakachukua moja. Tuma pesa nyumbani. Basi.

Mgeni akisoma hiyo sentensi anaona ni maelezo ya huduma. Mkenya anasikia kitu kingine. Huku mtu wa mjini ako na nyumba, na ako na nyumbani, na si mahali pamoja. Nyumba ni ile ya kodi Umoja ama Kawangware. Nyumbani ni ushago, mahali utazikwa. Kesi ya mazishi ya S.M. Otieno mwaka 1987 ilibishaniwa hapo hapo, kama wakili wa Nairobi anaweza kuwa na "kwao" mjini ama yuko na nyumba tu, na mahakama ikaamua azikwe Nyanza. Nchi nzima ilifuata. Miaka ishirini baadaye unamwambia mtu huyo huyo tuma pesa nyumbani, hujamwambia kuhusu simu. Umemgusa kwa deni. Zamani pesa hiyo ilikuwa inaenda na dereva wa basi ndani ya bahasha, ama money order ya Posta, na mama anangoja stage siku mbili.

Hiyo ndiyo naita insaiti. Si kitu kipya, ni kitu ambacho kila mtu anajua na hakuna amesema.

#12 Mshika Dau
Sawa, lakini M-Pesa ilipofika Bongo Aprili 2008 mbona ilitambaa kwanza? Sisi hatuna kwetu?

#13 Nai kwa Mguu
Mnako, tena sana. Lakini Safaricom ilikuwa imeshika sehemu kubwa mno ya soko, yule unatumia na yule anapokea wote wako ndani. Vodacom kwenu ilikuwa inagawana na wengine. Nchi yenu ni kubwa, watu wametawanyika, na wakala wa kutoa pesa akiwa mbali hiyo sentensi inakufaa nini? Plana akikuambia sentensi yake ndiyo ilifanya kila kitu, kimbia. Yule jamaa wa kibanda cha kijani na daftari alifanya kazi kuliko bango lolote.

#14 Mzee wa Brifu
Naunga mkono kwa mikono miwili. Neno "wakala" lenyewe, wa mtaani ameshatunyang'anya na ni halali yake.

#15 Kopi Tupu
Mzee wa Brifu, "leo Jumanne mbona tuko Alhamisi" imenichekesha, nakupa nusu pointi. Nusu kwa sababu mstari huo kaandika mwandishi.

Sasa na mimi nilete yangu. Mwaka fulani ilikuja brifu kutoka Nairobi, kampeni ya ukanda mzima, bidhaa ya mambo ya fedha. Kiini chake kilikuwa Kiingereza: tumsherehekee "hustler", mtu anayehangaikia riziki. Maagizo kwetu: tafsirini. Wenzetu waliopokea kabla yangu walishaandika "Mpambanaji". Sikatai, ni Kiswahili, lakini ukilisikia unaona ngumi au siasa. Na kule Kenya baada ya uchaguzi wa 2022 hilo la hasla lilishavaa sare ya chama, hata wao ilibidi walikimbie.

Nikakaa kijiweni na washkaji. Jamaa mmoja kamaliza chuo, anauza vifuniko vya simu Kariakoo, kaulizwa "vipi mambo yanaendaje?" Akajibu "tunajitafuta mwanangu". Mwingine akatajwa, kanunua gari, wakasema "yule ameshajipata". Nikasimama. Hasla wa Nairobi anatafuta hela. Wa kwetu anajitafuta mwenyewe! Ni mtu mwingine kabisa, ana aibu kidogo, ana utani, hajigambi kwamba anapambana. Hajafika na anakwambia hajafika. Tangazo la kumpigia ngoma na moshi nyuma yake linamkimbiza, anaona analetewa maigizo.

Niliandika kampeni nzima juu ya "ukiwa unajitafuta". Na plana hakuwepo. Alikuwa likizo.

#16 Mzee wa Brifu
Hiyo ni kazi safi, na siku hiyo plana ulikuwa wewe. Cheo hakina maana kubwa, kuna wakala hapa mjini hazina plana hata mmoja na kazi zao zinasimama, kwa sababu mwandishi wao anapanda daladala. Kuna nyingine zina maplana watano wote wanakaa ghorofani wanasoma ripoti za vijana wa Lagos.

Ila niambie, kwa kukaa kijiweni tu ulijuaje kwamba neno hilo lina uzito nje ya Dar? Uliuliza Mbeya? Tabora?

#17 Kopi Tupu
Niliuliza shangazi yangu wa Tabora. Alisema "kajitafute mbele ya safari". Nikaona limefika.

#18 Bi Chausiku
Hamjambo. Mimi si wa matangazo ya biashara, nimefanya kazi miaka mingi kwenye vipindi vya afya vya redio. Nashangaa hamjataja Fataki.

Wadogo humu huenda hawakumbuki. Mwishoni mwa miaka ya 2000 yalianza matangazo ya redio, yakajaribiwa Morogoro kabla ya kwenda nchi nzima. Kila mara kuna mwanaume mtu mzima, ana hela kidogo, anamrubuni msichana wa shule: lifti, chipsi, vocha. Na kila mara anatokea mtu wa pembeni, mhudumu, jirani, anamkatia mambo, anaumbuka. Jina lake Fataki. Kabla ya hapo kila kampeni ilikuwa inaongea na binti: jihadhari, sema hapana, soma kwanza. Yaani mzigo wote kwa mtoto wa miaka kumi na tano. Hii ikaongea na wale wanaoangalia na kunyamaza. Na shida ya wanaoangalia haikuwa kwamba hawaoni ubaya. Walikuwa hawana neno. Utamwambiaje mtu mzima mwenye heshima zake, mbele za watu, kwamba unamwona? Ukipewa neno "fataki" unaweza kulisema kwa utani. Kwenye daladala konda anasema "mzee usiwe fataki", watu wanacheka, ujumbe umefika, na hakuna aliyetukanwa.

Neno likaingia mtaani. Mpaka leo kuna watu wanalitumia bila kujua lilitoka kwenye redio. Mimi ukiniuliza mkakati ni nini nitakwambia ni ule uamuzi wa kuacha kuongea na binti.

#19 Mzee wa Brifu
Bi Chausiku, shikamoo. Nimeandika mengi hapo juu ningeweza kufupisha kwa posti yako.

#20 Nai kwa Mguu
Shikamoo Bi Chausiku. Yetu ya upande huo iliishia vibaya. Machi 2013 kulikuwa na tangazo la TV, "Weka Condom Mpangoni". Wamama wawili sokoni wanaongea, mmoja ameolewa na ako na mpango wa kando, mwenzake anamshauri atumie kinga. Ukweli ulikuwa ni ukweli, maambukizi ndani ya ndoa yalikuwa tatizo kubwa na hakuna alitaka kusema. Viongozi wa dini, Wakristo na Waislamu, wakaja juu, likaondolewa hewani. Ukiuliza maplana wa Nairobi hadi leo wanagawanyika. Kuna wanaosema lilikuwa jasiri. Mimi nasema mtu alifikiria sana yule mama wa sokoni na hakufikiria sebule: baba, mama, watoto na nyanya wanangoja habari ya saa moja, halafu hiyo inaingia. Hiyo hiyo kwa redio usiku, ama saluni, labda ingeishi.

#21 Bi Chausiku
Marahaba. Hapo kwenye sebule nakubaliana nawe kabisa. Sisi Fataki tulimchekea, na kicheko kinaruhusiwa sebuleni.

#22 Dogo wa Nyegezi
Wakuu nimesoma yote. Swali: mtu anaanzaje? Matangazo ya kazi yote yanataka uzoefu wa miaka mitatu. Sina kozi za nje, sina mtu wa kunishika mkono.

#23 Mzee wa Brifu
Dogo, kozi zipo na si mbaya, ila zikufundishe maneno tu ili usiogope vikaoni. Wengi wetu tuliingia kwa mlango wa nyuma: mimi nilikuwa nakusanya madodoso, mwenzangu alikuwa mwalimu wa historia, mwingine mtu wa akaunti aliyechoka kupigiwa simu usiku.

Nakupa kazi. Nenda kwenye duka lolote la mtaani, omba ruhusa, kaa saa mbili. Usimwulize mtu kitu. Chagua bidhaa moja tu uiangalie inavyonunuliwa. Halafu niletee hapa ulichoona. Si ulichofikiria, ulichoona. Ukiandika neno "wateja wanapendelea" nakufukuza kwenye uzi.

#24 Mshika Dau
Dogo beba na kreti lako.

#25 Dogo wa Nyegezi
(Siku nne baadaye.) Mkuu nimerudi. Nilikaa Jumamosi saa mbili asubuhi mpaka saa nne na nusu, duka la mama mmoja hapa karibu na stendi. Nilichagua sabuni ya unga.

Walionunua walikuwa 14. Watoto 9. Nilishangaa maana matangazo yote ninayoyajua ya sabuni ni ya akina mama wanafurahi na mashati meupe. Katika hao watoto 9, wawili tu walitaja jina. Sita walitaja rangi: "nipe ya bluu", "nipe ile ya kijani ndogo". Mmoja hakusema kitu, alionyesha pakiti tupu aliyoikunja mkononi. Mama muuzaji hakuuliza, alimpa. Kwenye saa nne ya bluu ikaisha. Akaja binti mdogo, labda miaka saba, ana mia tano kaishika kwenye ngumi. "Nipe ya bluu." Akaambiwa imeisha, chukua hii ni hiyohiyo. Akaikataa. Akakimbia nyumbani. Akarudi bado ana ileile mia tano.

#26 Mzee wa Brifu
Akasemaje?

#27 Dogo wa Nyegezi
"Mama kasema kama ya bluu hakuna, basi leo hafui."

#28 Kopi Tupu
Weee.

#29 Mzee wa Brifu
Dogo. Umeiandika mahali, au ipo kichwani?

#30 Dogo wa Nyegezi
Nimeiandika mkuu. Nyuma ya risiti ya Luku, karatasi nyingine sikuwa nayo.